Pasua kinundu uone rangi yake

Kunde au maharage yakianza kutoa maua, chimbua mche mmoja taratibu. Ukiung'oa kwa nguvu, vinundu vya mizizini hukatika na kubaki ardhini. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria waitwao raizobia: mmea huwapa sukari, nao huigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Cheupe bado kichanga au hakifanyi kazi. Cha kijani kimezeeka. Na tafadhali, usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni hapo, kwani mmea ukishibishwa na mbolea huacha kuwalisha bakteria hao na vinundu hupungua. Wakati wa kuvuna, kata mashina, mizizi iache udongoni.