Kuchonga marumaru ionekane laini: pale tindo inapokuumbua

Wiki iliyopita chalii mmoja anayechonga mpingo alikuja kibandani kwangu Sakina, hapa Arusha, na jiwe ndani ya kiroba. Alikuwa amechonga boga, umbo zuri kabisa, lakini kila alivyozidi kupiga msasa ndivyo vidoa vyeupe vilivyozidi kujitokeza, kama limeota ukurutu. "Kaka, hili jiwe bovu," akasema. Jiwe lilikuwa zima. Mimi mwenyewe ugonjwa huohuo uliwahi kunila karibu wiki tatu, nikalaumu jiwe, nikalaumu msasa, nikamlaumu na aliyeniuzia.

Hatua ya 1: Jiwe

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba marumaru, utaonyeshwa vigae vya sakafu. Nenda kwa mafundi wanaokata kaunta za jikoni na mawe ya makaburi, uombe mabaki. Kaunta huwa na unene wa sentimita 2 au 3, hapo hutoi boga. Tafuta kitako cha jiwe la kaburi au kizingiti, sentimita 10 kwenda juu.

Wengine watakupa granaiti na kuapa ni marumaru. Kwaruza kwa ncha ya kisu: marumaru inachanika, granaiti inakucheka. Au kwangua unga kidogo, udondoshee ndimu; marumaru itatoa povu. Kisha gonga kwa nyundo ndogo. Jiwe zima linalia, lenye ufa linaguna. Limwagie maji uliache likauke: mstari unaobaki mbichi wakati kwingine kumekauka ndio ufa wenyewe.

Jiwe la sentimita 30 kila upande linakaribia kilo 73, kwa hiyo usimwite wa toyo, yaani bodaboda. Tafuta guta.

Hatua ya 2: Kupunguza

Chora umbo pande zote kwa penseli ya seremala. Kata mifereji ya sambamba kwa grenda yenye diski ya almasi, kisha vunja kuta nyembamba zinazobaki katikati. Miwani na barakoa ya vumbi, si kitambaa. Kinga ya diski isitolewe.

Hatua ya 3: Tindo

Hapa ndipo boga la chalii lilipougulia.

Marumaru ni fuwele za kalsiti zilizokumbatiana. Ukisimamisha tindo ya ncha wima juu ya jiwe ukapiga, nguvu haing'oi kibanzi, inazama. Fuwele zinapasukia ndani kwa ndani, milimita kadhaa, na juu huoni kitu kwa sababu jiwe lote bado limepauka. Unafika msasa wa namba 220 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) ndipo nyota nyeupe zinachomoza. Marumaru nzuri hupokea mwanga, ukazama kidogo kabla ya kurudi, na ndiyo maana inafanana na ngozi. Penye jeraha mwanga unagonga nyufa ndogondogo na kurudi hapohapo. Doa moja tu, na boga linarudi kuwa jiwe.

Kwa hiyo laza tindo, nyuzi 45 hivi, ichore mfereji na kurusha vibanzi mbele. Ukiona inatoboa vishimo, umeisimamisha mno. Ncha butu inachubua hata ikilala, basi noa kabla hujaona haja ya kunoa. Tindo za zege za dukani mimi sizitaki, ncha zake ni nene. Zangu zimefuliwa na wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, kutokana na springi za gari.

Tindo ya ncha iache sentimita 1 kabla ya umbo la mwisho. Ingia na tindo ya meno, nayo iache zikibaki milimita 2 au 3. Zilizobaki ni za tupa. Mchonga mpingo amezoea tezo imfikishe karibu kabisa na ngozi ya kinyago, ndiyo maana chalii alipotea. Mkono wake ulikuwa sahihi kwa mti.

Tatizo ni sehemu za ndani, kama pale kikonyo cha boga kinapozama. Huwezi kulaza tindo humo. Usijaribu hata kwa upole, maana upole wima ni wima bado. Tumia biti ya almasi kwenye drili, taratibu.

Na kila jioni limwagie jiwe maji. Maji yanaiga msasa laini, kwa hiyo majeraha yatajionyesha mapema kama matone ya maziwa, wakati bado una nyama ya kupunguza.

Je, kama limeshachubuka? Usisugue doa peke yake. Utalifuta, utaacha kibonyeo ambacho kila mwenye macho atakiona. Shusha eneo lote linalolizunguka kwa tupa. Boga la chalii limepungua karibu nusu kidole, na alinuna.

Hatua ya 4: Ulaini

Ulaini hauletwi na msasa. Unaletwa na tumbo. Kila upande uonekane umesukumwa kutoka ndani, kama unga wa maandazi uliofunikwa ukaumuka, na hata palipobonyea pawe na uvimbe pembeni. Penye ubapa, jicho linajua ni jiwe.

Umeme ulipokatika usiku mmoja niliwasha tochi ya simu, nikailaza pembeni ya kazi niliyodhani imeisha. Vilima na mabonde! Siku hizi nakagua hivyo hata umeme ukiwepo, kisha nafumba macho na kupitisha kiganja.

Hatua ya 5: Msasa

Msasa wa maji, ule wa wapaka rangi magari: 80, 120, 220, 400. Usiruke namba. Mimi naishia 400. Anayetaka ing'ae kama sakafu ya hoteli aende 1200 na zaidi, ila mng'ao wa kioo unalifanya umbo ligande. Vanishi usiniulize.

Ukishalipeleka ndani, liweke mbali na ndimu na siki. Kilekile kilichotoa povu siku ya kwanza kitaula uso uliousumbukia.