Picha ilipendeza kwenye kamera, kwenye kompyuta imepauka: anza hapa

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani na laptopu kwapani, uso umemshuka. Alikuwa amezunguka Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi nzima, kutoka Ngome ya Yesu hadi Ndia Kuu, akipiga milango ya nakshi na wazee waliokaa barazani. "Mjomba, kwenye kamera zilikuwa nzuri. Nikizifungua humu zinapauka huku naziangalia. Au hii kamera ya mtumba niliuziwa mbovu?"

Kamera ni nzima. Tulikaa mpaka magharibi, na tuliyoyafanya ni haya. Yeye anatumia Canon, kwa hivyo majina ya menyu ni ya Canon, ambayo huita mitindo yake ya rangi Picture Style. Kwa Nikon ni Picture Control, kwa kamera mpya za Sony ni Creative Look, kwa Fujifilm ni Film Simulation.

Hatua ya 1: Piga RAW na JPEG kwa pamoja

Kwenye ubora wa picha chagua RAW + L (L ni JPEG kubwa). Kadi itajaa haraka, weka ya akiba mfukoni.

RAW, faili lenye data ghafi ya kamera, ni samaki mbichi. JPEG ni yule yule, ila kamera imeshamkaanga kwa viungo vya mtindo uliouchagua. Ukipiga JPEG kwa mtindo wa Monochrome, rangi haitarudi tena. RAW yake bado ina rangi zote.

Hatua ya 2: Chagua mtindo

Landscape hukoleza buluu na kijani na kuongeza ukali. Kwa bahari ya Mama Ngina unafaa, kwa uso wa mtu uache kabisa. Portrait hulainisha ngozi na kuivutia kwenye uwaridi. Wengi huupenda, mimi kwa ngozi zetu nyeusi siutumii. Monochrome una vichujio vya rangi ndani yake, na kile chekundu hutia giza anga ya buluu mpaka kuta nyeupe za Mji wa Kale zijitokeze.

Kwa watu mimi hutumia Neutral. Simama juu ya neno hilo, bonyeza INFO, kisha shusha kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) hadi -2. Picha itaonekana imepoa, usiogope. Jua letu la saa saba mchana lina ukali wake tayari. Mpige mzee mwenye kofia ya vito kwa Standard, mtindo wa kawaida wa kamera: kofia inaweza kugeuka kisahani cheupe, vile vitundu vilivyoshonwa kwa sindano kimoja kimoja usivione, na buibui la aliyekaa kando yake liwe doa jeusi lisilo na mikunjo. Kwa Neutral, mwanga ule ule, vitundu na mikunjo huonekana vizuri zaidi.

Kuna faida nyingine. Hata ukipiga RAW peke yake, picha unayoiona nyuma ya kamera, pamoja na ile histogramu (grafu ya mwanga wa picha), hutokana na JPEG ndogo iliyopikwa kwa mtindo wako. Standard inaweza kukuambia weupe umeungua, yaani umepoteza maelezo yake, kumbe RAW bado inayo. Neutral iko karibu zaidi na ukweli.

Hatua ya 3: Fungua RAW kwenye kompyuta

Hapa nenda polepole. Mimi nilipoteza usiku mzima.

Ilikuwa harusi ya Kibokoni, miaka yangu ya mwanzo. Nilipoziingiza picha kwenye Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, kila moja ilitokea na rangi zake kwa sekunde moja, halafu ikafifia. Nikadhani ni kosa langu. Nikaanza kukoleza rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimeinama. Kulipokucha nikaona hina ya bibi harusi imekuwa nyekundu kama rangi ya mkebe, na nyuso za mashangazi wote zimeiva. Nikaanza upya.

Kilichotokea ni hiki. Rangi za ile sekunde ya kwanza zilikuwa za JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili la RAW. Kisha programu inaitafsiri RAW yenyewe kwa mapishi yake, na mtindo wa kamera haiufuati. Tangu 2018 mapishi ya kawaida ya Lightroom yanaitwa Adobe Color. Kwa hivyo, kabla hujagusa kitu kingine, nenda sehemu ya Profile, fungua orodha, tafuta kundi la Camera Matching, uchague jina linalolingana na ulilopigia: Camera Neutral, Camera Standard, na kadhalika. Rangi zitarudi karibu na ulivyoziona.

Nimesema karibu. Ile kontrasti ya -2 uliyoiweka kwa mkono inaweza isije, iweke mwenyewe. Na kama rangi zimekaa sawa lakini picha bado ina giza, angalia menyu ya kamera: huenda Auto Lighting Optimizer imewashwa. Hiyo hunyanyua vivuli kwenye JPEG tu, na Lightroom haiijui. Mpwa wangu alikuwa nayo na hakuwahi kuigusa. Izime, utaona kamera na kompyuta zinaelewana. Kama hulioni kundi la Camera Matching, hakikisha faili uliyofungua ni RAW. Kwenye JPEG halipo.

Kwa anayeanza na Canon, ushauri wangu ni aiache Lightroom kwanza, atumie Digital Photo Professional, programu ya Canon yenyewe. Ni ya bure, unaipakua kwa namba ya utambulisho (serial number) ya kamera yako, na inaufuata mtindo wa kamera pamoja na marekebisho yako yote. Unaweza pia kubadilisha mtindo kwenye orodha na kuona tofauti papo hapo, jambo linalofundisha haraka kuliko video kumi. Darktable nayo ni ya bure na ina nguvu, lakini haiusomi mtindo wa kamera, ngoja uzoee.

Zile priseti (marekebisho yaliyopangwa tayari) zinazouzwa mtandaoni usinunue sasa. Nyingi nilizojaribu zinageuza kila ngozi kuwa chungwa.

Hatua ya 4: Rekebisha

Mwanga kwanza, kisha mizani ya weupe (white balance, ili cheupe kionekane cheupe), ukiitazama kanzu, kisha vivuli. Ukolevu wa rangi uwe wa mwisho, na mara nyingi hutauhitaji.

Hatua ya 5: Toa nakala

JPEG, kwa sRGB, mfumo wa rangi unaoeleweka na simu na kompyuta nyingi. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa, na vile vitundu vya kofia ndivyo vitakavyotangulia kupotea.