Unanunua saa ya kifahari kwa mtu? Kagua waranti hivi kabla hujalipa

Mimi ni fundi saa hapa Mombasa. Saa nyingi za Rolex, Omega na Tudor zinazofika mezani kwangu zilishavaliwa na mtu mwingine, nyingi zimetoka Dubai, na swali la wenyewe ni lile lile: waranti bado ipo?

Mara nyingi ipo. Waranti ya kiwanda hufuata saa pamoja na kadi yake. Tudor wameandika wazi kwamba waranti yao ya miaka mitano inahamia kwa mmiliki mpya, bila kujiandikisha popote. Kadi ambazo Rolex walianza kutoa mwaka 2020 hazina hata jina la mnunuzi. Utaona modeli, namba ya saa na tarehe, basi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kadi ameiacha kwao, atakuletea baadaye, msubiri ailete ndipo mzungumze bei. Saa isiyo na kadi ihesabu kama haina waranti, na ulipe hivyo.

Kadi ukiwa nayo mkononi, anza na tarehe. Miaka inahesabiwa kuanzia siku duka lililoidhinishwa na kampuni lilipomuuzia mtu wa kwanza, na siku uliyonunua wewe haihesabiwi kabisa. Rolex wanatoa miaka mitano kwa saa zilizouzwa tangu Julai 2015, Omega nao mitano tangu Novemba 2018. Omega yenye kadi ya Machi 2022 inaishiwa waranti Machi 2027, hata ikipita mikono minne hapo katikati. Kadi isiyo na tarehe, au ambayo tarehe imefutwa ikaandikwa upya, mimi siikubali.

Halafu linganisha namba. Kwenye Rolex za miaka hii namba imechongwa kwenye ukingo wa ndani, chini ya kioo, penye alama ya 6. Ni ndogo mno. Washa tochi ya simu, iinamishe saa kidogo kidogo mpaka herufi zishike mwanga, na kama una lenzi itumie. Kwenye Omega itafute nyuma ya kasha au kwenye mguu unaoshika mkanda. Soma herufi moja moja ukilinganisha na kadi. Ikitofautiana hata moja, rudisha saa na uondoke.

Sasa geuza saa uangalie mgongo, maana hapa ndipo waranti nyingi zinapofia. Kampuni haiwajibiki tena kama saa imefunguliwa na fundi asiye wao, au imetiwa kifaa kisicho chao. Mgongo wa Rolex una meno pembezoni na hufunguliwa kwa ufunguo wake maalumu. Fundi asiye nao hutumia koleo au kisu, na meno hubaki na mikwaruzo. Ukiiona, jua kuna mkono uliopita humo ndani. Almasi zilizoongezwa mtaani nazo zinaua waranti, hata zikiwa almasi za kweli. Nasema haya nikiwa fundi ninayeishi kwa kufungua saa: saa ikiwa bado ndani ya waranti siifungui, namwelekeza mwenyewe kituo cha kampuni. Mwambie fundi wako naye afanye vivyo hivyo.

Cartier na IWC zina utaratibu wao. Waranti ya mwanzo ni miaka miwili, na inaweza kufika minane iwapo saa itasajiliwa kwenye mfumo wa kampuni kabla ile miwili haijaisha. Muuzaji akisema “minane”, mwombe uthibitisho wa usajili. Kama ile miwili haijapita na saa haijasajiliwa, waulize kampuni ukitumia namba ya saa yako.

Usichanganye pia waranti ya kiwanda na karatasi ya muuzaji. Maduka mengi ya Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, hukuandikia mwaka mmoja wa kwao. Ni ahadi ya duka lile tu. Ukipata shida ukiwa Tanga au Kisumu, saa lazima irudi kwao. Waandike namba ya saa, nini kinafunikwa, na nani analipa usafirishaji. Ila Rolex zilizotumika zinazouzwa chini ya mpango wao wenyewe, ulioanza Desemba 2022, huja na waranti mpya ya kampuni ya miaka miwili, na hiyo inaheshimiwa kimataifa.

Kama saa ni ya pesa nyingi, mwombe muuzaji mkutane kwenye duka lililoidhinishwa, saa iangaliwe hapo hapo kabla pesa hazijatoka mfukoni. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa. Angalia pia kama imeripotiwa kuibwa; The Watch Register ya London wanatunza orodha ya saa zilizoibwa na hutafuta kwa namba.

Ukishanunua, kumbuka waranti inafunika kasoro za utengenezaji. Kuiangusha, mikwaruzo, mkanda kuchakaa na maji yaliyoingia kwa sababu kifundo cha pembeni kiliachwa wazi ni juu yako. Nasi watu wa pwani bahari tunayo mlangoni, kwa hiyo kila ukirekebisha majira, kisukume kile kifundo ukikaze mpaka kigote kabla hujagusa maji. Kadi iweke nyumbani mbali na saa, na uipige picha pande zote mbili.