Jinsi ya Kumfuatilia Paul Krugman Anapoandika Kuhusu Siasa na Mtikisiko wa Fedha

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma uchambuzi wa uchumi ulioandikwa kwa Kiingereza na kuueleza kwa Kiswahili redioni. Hakuna mchambuzi aliyenipa kazi kubwa kuliko Paul Krugman, mchumi wa Marekani aliyeandika safu katika New York Times tangu mwaka 2000 hadi mwishoni mwa mwaka 2024. Lugha yake ni nyepesi na kali, na ukali huo ndio unaompoteza msomaji, kwa kuwa anayempenda hukubali kila neno na asiyempenda hulikataa kabla hajalipima. Utaratibu ninaoueleza hapa niliujenga nikisoma upya makala zake za mtikisiko wa mwaka 2008, na unamfaa yeyote mwenye daftari na subira.

Hatua ya 1: Lielewe neno "mliberali" kwa maana ya Kimarekani

Katika mijadala yetu, hasa vyuoni, uliberali mamboleo ni sera ya kubinafsisha mashirika ya umma, kuondoa ruzuku na kuliachia soko liamue. Marekani, mliberali yuko karibu upande wa pili: anataka matajiri watozwe kodi zaidi, serikali igharimie bima ya afya na benki zisimamiwe kwa karibu. Siku zangu za mwanzo nilimtambulisha Krugman hewani kuwa muumini wa soko huria, na kabla kipindi hakijaisha msikilizaji mmoja, mwalimu wa sekondari, alipiga simu kuuliza inawezekanaje muumini wa soko huria adai serikali itumie fedha zaidi. Swali lilikuwa la haki kabisa. Tangu siku ile namtaja kuwa ni mchumi anayeukubali uchumi wa soko, lakini haamini kwamba soko lililoanguka hujiinua lenyewe.

Hatua ya 2: Ijue mashine iliyo nyuma ya makala zake

Usianze na makala ya siku. Anza na mfano anaourudia mara kwa mara, ambao ulielezwa kwanza na Joan na Richard Sweeney mwaka 1977. Jijini Washington palikuwa na ushirika wa wazazi, kama familia 150, waliokuwa wakileana watoto kwa zamu na kulipana kwa kuponi, kila kuponi ikiwa na thamani ya nusu saa. Ikafika wakati wengi wakaamua kuweka akiba ya kuponi kwa ajili ya siku za mbele, wakaacha kutoka jioni. Kwa kuwa njia pekee ya kupata kuponi ni mwenzako atoke akuachie watoto, kila aliyetaka kuweka akiba alikosa cha kuweka. Wazazi hawakuwa wavivu wala watoto hawakupungua. Kilichopungua ni kuponi zilizokuwa zikizunguka. Zilipoongezwa, watu wakaanza kutoka tena.

Mashine ya Krugman, yaani mantiki yake kuhusu mdororo wa uchumi, imejengwa juu ya picha hiyo: matumizi ya mmoja ni pato la mwingine, na wote wakibana kwa pamoja, wote hupungukiwa. Kwa kawaida benki kuu hutibu hali hiyo kwa kushusha riba. Lakini tarehe 16 Desemba 2008, miezi mitatu baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kufilisika, benki kuu ya Marekani ilikwisha kushusha riba yake hadi kati ya sifuri na asilimia 0.25, na dawa ya kawaida ikawa imefika mwisho. Huo ndio mtego wa ukwasi, yaani hali ambayo kushusha riba hakusaidii tena, ambao Krugman aliuandikia mwaka 1998 akiitazama Japani. Ukiushika, utajua kwa nini anadai kwamba wakati kama huo serikali ndiyo itumie, hata kwa kukopa.

Hatua ya 3: Gawa ukurasa wa daftari kati ya uchumi na siasa

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu aya moja ya Krugman mara nyingi hubeba madai mawili yanayopimwa kwa mizani tofauti. Naonyesha ukurasa wangu wa mwanzo wa mwaka 2009.

Upande wa uchumi nimeandika hivi. Dai: mpango wa Obama wa kuchochea uchumi ni mdogo. Kipimo: Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba, bila hatua yoyote, uchumi ungepoteza uzalishaji wa dola trilioni 2.1 kwa miaka miwili, ilhali sheria iliyotiwa saini tarehe 17 Februari 2009 ilikuwa ya dola bilioni 787, zaidi ya theluthi yake ikiwa ni punguzo la kodi. Matokeo: wachumi wa Obama walitarajia ukosefu wa ajira usivuke sana asilimia 8, lakini ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba 2009.

Upande wa siasa: alionya kwamba mpango dhaifu ukishindwa kushusha ukosefu wa ajira, wapinzani watasema matumizi ya serikali hayafai, na nafasi ya pili haitapatikana. Mwezi Novemba 2010 Warepublican, chama pinzani cha Obama, waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, na mpango mwingine wa ukubwa ule haukuja.

Chini ya ukurasa acha mistari mitatu kwa maelezo mbadala. Wahafidhina waliitazama takwimu ileile ya asilimia 10 wakasema inathibitisha kwamba mpango wenyewe ulikuwa kosa. Takwimu moja haiamui ugomvi huo. Ndiyo maana mashine ya hatua ya pili inahitajika.

Hatua ya 4: Msome anayejibishana naye

Krugman huandika akimlenga mtu, na ukimsoma peke yake unasikia nusu ya mazungumzo. Alipopinga sera za kubana matumizi barani Ulaya, upande wa pili ulitegemea sana utafiti wa wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa mwaka 2010, uliotumiwa kudai kwamba deni likivuka asilimia 90 ya pato la taifa ukuaji huporomoka. Mwezi Aprili 2013 watafiti wengine watatu, Herndon, Ash na Pollin, walionyesha kwamba jedwali la kompyuta la utafiti huo liliacha nchi tano nje ya hesabu, na kwamba wastani wa ukuaji juu ya kiwango hicho ulikuwa asilimia 2.2, si hasi 0.1. Soma pia majibu ya Reinhart na Rogoff: walikiri kosa la jedwali, lakini wakashikilia kwamba deni kubwa bado huambatana na ukuaji mdogo.

Hatua ya 5: Weka ukurasa wa makosa yake

Mwezi Mei 2012 aliandika kwamba huenda Ugiriki ikatoka katika sarafu ya yuro ndani ya muda mfupi sana, lakini haikutoka. Usiku wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016 alisema masoko huenda yasipate nafuu kamwe, na siku chache baadaye akaifuta kauli hiyo mwenyewe. Mwaka 2021 aliamini mfumuko wa bei ungekuwa wa muda, ingawa mchumi Larry Summers alikuwa ameonya kuhusu mpango wa Rais Biden wa kuchochea uchumi wa dola trilioni 1.9. Mfumuko huo ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, na mwezi uliofuata Krugman akakiri kwamba alikosea. Makosa mawili ya kwanza aliyafanya alipotabiri siku au tukio, nami naziamini zaidi kauli zake za utaratibu kuliko za kalenda. Kosa la tatu liligusa mashine yenyewe, kwa hiyo nimelipigia mstari mwekundu.

Hatua ya 6: Uliza deni ni la sarafu gani kabla hujaihamisha hoja

Wakati wa mgogoro wa yuro, Hispania ilikuwa na deni dogo kuliko Uingereza kwa kulinganisha na pato la taifa, lakini ilitozwa riba kubwa zaidi. Krugman alieleza kwamba Uingereza ilikopa kwa sarafu inayotolewa na benki kuu yake, na Hispania haikuwa na kinga hiyo. Kenya ilipouza hatifungani zake za kwanza za kimataifa mwaka 2014, iliziuza kwa dola, na Nairobi haichapishi dola. Kwa hiyo kila ninapomnukuu Krugman akitetea nakisi ya bajeti, huongeza sentensi moja hewani kutaja sarafu ya deni analolizungumzia.