Nani Atapewa Zamu? Namna ya Kusoma Kinyang'anyiro cha Warushaji Kambini

Kila katikati ya Februari, warushaji na wadakaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, huwatangulia wenzao kambini: timu 15 huenda Arizona, 15 Florida. Toka hapo hadi siku ya ufunguzi mwishoni mwa Machi ni wiki sita hivi, na karibu kila timu huwa na nafasi moja au mbili zisizo na mwenyewe kati ya warushaji watano wanaoanza mechi kwa zamu.

Mashabiki wengi hufuatilia kinyang'anyiro hiki kwa kuangalia ERA, yaani wastani wa mikimbio (pointi) anayoruhusu mrushaji kwa iningi tisa, unaopendeza ukiwa mdogo, na hapo ndipo wanapopotea. Anayewania nafasi hurusha iningi 15 hadi 20 tu kambi nzima (iningi ni kipindi ambacho kila timu hupiga kwa zamu yake), tena nyingine dhidi ya vijana ambao wiki ijayo watarudishwa ligi ndogo. Iningi moja mbaya inatosha kuvuruga hesabu yote. Kuna mambo matatu yanayoeleza zaidi: mkataba wake, idadi ya mipira anayoongezewa, na namna mpira unavyotoka mkononi. Yafuate kwa mpangilio huo.

Anza na karatasi kabla ya mpira wa kwanza kurushwa

Andika majina ya wote wanaowania nafasi, kisha mbele ya kila jina jibu maswali mawili.

La kwanza: je, ana opsheni? Mchezaji aliye kwenye orodha ya watu 40, yaani wale timu iliowasajili kwa ligi kuu, huwa na misimu mitatu ambamo timu inaweza kumshusha ligi ndogo bila kumpoteza. Zikiisha, hashushwi mpaka timu nyingine zote zipewe kwanza nafasi ya kumchukua. Mrushaji mzuri wa miaka 27 asiye na opsheni ni nadra sana kuachwa. Kijana mwenye opsheni mbili anaweza kumzidi kwa kila kipimo na bado akaanza msimu ligi ndogo, kwa sababu timu ikimshusha yeye inabaki na wote wawili.

La pili: je, yumo kwenye orodha ya 40, au amealikwa tu kambini kwa mkataba wa ligi ndogo? Aliyealikwa akishinda, lazima mwingine aondolewe ili apate nafasi. Kama kuna majeruhi wa muda mrefu anayeweza kuhamishiwa orodha ya majeruhi ya siku 60, ambako hahesabiwi kati ya wale 40, mlango uko wazi. Kama hayupo, aliyealikwa anapanda mlima mrefu zaidi. Mkongwe mwenye miaka sita au zaidi ya utumishi aliyesaini mkataba wa ligi ndogo mara nyingi huwa na haki ya kujiondoa siku tano kabla ya msimu kufunguliwa. Tia alama tarehe hiyo kwenye kalenda, kwa kuwa inailazimisha timu kuamua mapema kuliko inavyopenda.

Kambi ya Atlanta Braves ya 2024 inaonyesha uzito wa karatasi. Bryce Elder alikuwa ameteuliwa kwenye mchezo wa nyota mwaka uliotangulia, lakini alikuwa na opsheni. Reynaldo López alikuwa ametumika kama mrushaji wa akiba, yaani anayeingia mechi ikiwa imeshaanza, ila alikuja na mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 30. Nafasi ya tano ilikwenda kwa López, Elder akapelekwa ligi ndogo. Uamuzi haukuwa mbaya hata kidogo: López alianza mechi 25 na kumaliza msimu akiwa na ERA ya 1.99.

Hesabu mipira, usihesabu iningi

Hapa ndipo penye habari nyingi zaidi, na ni wachache wanaopaangalia. Mkono wa mrushaji anayeanza mechi hujengwa hatua kwa hatua. Hutoka mazoezini kwenye tuta la pembeni, akaingia kuwarushia wapigaji wa timu yake, ndipo apangwe mechini. Mechi ya kwanza hurusha mipira 25 hadi 30, yaani iningi moja au mbili. Baada ya siku tano hufika 45, kisha 60, kisha 75, na mechi ya mwisho 85 hadi 90. Tofauti ya mipira mitano au kumi isikusumbue, angalia mwelekeo.

Chora jedwali: jina, tarehe, mipira aliyorusha, siku za kupumzika. Wiki ya tatu jedwali litaanza kusema kabla kocha hajasema. Ukiona wanne wako kwenye 60 na wa tano amebaki 35 mechi mbili mfululizo bila taarifa ya maumivu, huyo anaandaliwa kurusha akitokea benchi. Ukiona mmoja amerudi mechini baada ya siku mbili badala ya tano, ameshahamishiwa akiba hata kama magazeti bado yanamtaja kwenye kinyang'anyiro.

Jihadhari na mitego miwili. Wa kwanza: mrushaji aliyetolewa mapema mara nyingi huenda kumalizia mipira yake kwenye eneo la kupashia mkono. Taarifa ya mechi itaonyesha iningi mbili na mipira 38, kumbe mkono umerusha 55. Soma maelezo ya kocha baada ya mechi. Wa pili: mechi za kambi zina ulegevu wa sheria. Mrushaji aliyezidiwa anaweza kutolewa katikati ya iningi ya kwanza na kurudi kuanza ya pili. Ukiona hivyo, fahamu kwamba timu inalinda ratiba ya mkono wake, na haimwadhibu.

Jina likikosekana kabisa siku ya zamu yake, usikimbilie kusema ameumia. Timu nyingi hazipendi kuwaonyesha wapinzani wa kundi lao warushaji watakaokutana nao Aprili, hivyo humpeleka viwanja vya nyuma arushe mechi isiyo na watazamaji wala takwimu rasmi. Pia wanaowania nafasi huwa zaidi ya siku zilizopo, kwa hiyo wawili huweza kupangwa siku moja, mmoja akianza na mwingine kumpokea iningi ya nne. Anayempokea mwenzake hajashindwa, mradi mipira yake inapanda sawa.

Kisha utazame mpira wenyewe

Kasi ndicho kipimo kinachotulia mapema. Lakini mlinganishe mrushaji na yeye mwenyewe wa Machi iliyopita, si wa Septemba, kwa kuwa wengi huanza kambi wakiwa pungufu ya kilomita 2 au 3 kwa saa. Linganisha pia iningi ya kwanza na ya nne. Aliyetoka akiba anaweza kurusha kwa nguvu zote iningi moja. Swali ni kama kasi inabaki baada ya mpira wa 50. Garrett Crochet aliingia kambi ya Chicago White Sox 2024 akiwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi kuu. Aliondoka akiwa mrushaji wa siku ya ufunguzi.

Idadi ya anaowatoa kwa straiki tatu (mipira mizuri iliyowashinda wapigaji) na anaowapa besi ya bure kwa boli nne (mipira iliyotoka nje ya eneo la straiki) ina thamani zaidi kuliko mikimbio. Igawanye kwa idadi ya wapigaji aliokutana nao, si kwa iningi. Na uulize walikuwa nani. Timu mgeni mara nyingi huwaacha nyota wake nyuma wasisumbuke na safari ya basi, na baada ya iningi ya tano wakubwa wa pande zote huwa wameshaoga. Iningi tatu safi dhidi ya vikosi vya namna hiyo zina uzito mdogo kuliko mbili zenye makosa dhidi ya kikosi kamili.

Mwanzoni mwa kambi mrushaji anaweza kurusha aina moja mpya ya mpira mara kumi mfululizo kwa sababu anajifunza, na wapigaji wakaujua na kuutandika. Hilo lisikuhangaishe. Subiri wiki ya nne uone kama anathubutu kuurusha akiwa na boli mbili bila straiki. Anayeanza mechi atakutana na wapigaji wale wale mara mbili au tatu kwa siku moja, na asipokuwa na aina ya tatu ya mpira anayoiamini dhidi ya wapigaji wa mkono tofauti na wake, makocha humwona wa akiba hata kama aina zake mbili ni kali. Hewa nayo ina mchango: ukavu wa Arizona hufanya mipira ya kupinda ipinde kidogo na kuteleza mkononi. Usiwahukumu wa Arizona na wa Florida kwa mizani moja.

Kuhusu uchovu: karibu na wiki ya tatu au ya nne mikono mingi hulegea na kasi kushuka kwa mechi moja au mbili, kisha hurudi. La kutisha ni kasi kushuka pamoja na mkono kubadili njia, mipira kupaa juu ya eneo la straiki, na zamu kurukwa. Taarifa ikitaja kukaza kwa misuli ya mkono wa mbele, chukulia kwamba nafasi imefunguka, maana dalili hiyo mara nyingi hutangulia matatizo ya kiwiko.

Wiki ya mwisho

Chukua ratiba na uhesabu kurudi nyuma. Mrushaji wa siku ya ufunguzi hurusha mara ya mwisho kambini siku tano au sita kabla. Wapange wengine nyuma yake kwa kufuata siku zao za kupumzika, uone nani anaangukia mechi ya nne na ya tano. Mara nyingi kalenda hii hutoa jibu kabla ya tangazo.

Angalia pia siku za mapumziko za wiki mbili za kwanza. Zikiwa mbili, timu inaweza kwenda na waanzishaji wanne na kubeba mtu wa akiba wa ziada, kwani kati ya wachezaji 26 wa kikosi cha msimu warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Wa tano basi hushushwa huku akiwa ameshinda, kisha huitwa zamu yake ya kwanza inapofika. Aliyeshushwa kwa opsheni msimu ukiwa umeanza hukaa chini siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Kwa hiyo andika tarehe aliyoshushwa.

Na jedwali lako usilitupe siku ya ufunguzi. Aliyeshika nafasi ya sita na ya saba ataitwa, mara nyingi kabla ya Mei. Elder yule yule aliitwa tena Aprili 2024, wiki chache baada ya Spencer Strider kuumia kiwiko.