Namna ya Kuandika Kitabu cha Mapishi ya Chakula cha Ufukweni

Anayetaka kuandika kitabu kidogo cha mapishi kwa ajili ya familia za Mtwara zinazokwenda kupumzika Msimbati au Mikindani hana budi kuifikiria safari kabla ya sufuria. Mapishi mengi huishia pale chakula kinapoepuliwa, ilhali chakula cha ufukweni huliwa baadaye sana, kikiwa kimekwisha kupita kwenye jua, vumbi na mitikisiko ya barabara. Kila pishi, basi, liandikwe mpaka mahali linapoliwa.

Chini ya jina la pishi andika muda wake. Bakteria huzaliana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, hivyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, kisizidi saa 1. Eleza wazi kama pishi litawekwa kwenye deli lenye barafu au litabaki la moto ndani ya hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka. Wali wa nazi, pamoja na utamu wake wote, mimi nisingeuweka kitabuni, kwa kuwa huchacha haraka. Chapati na mihogo ya kuchemsha huvumilia safari vizuri zaidi.

Pweza anastahili ukurasa mzima. Mwelekeze msomaji amchemshe kwa moto mdogo, bila chumvi, hadi ncha ya kisu ipenye bila kulazimishwa pale mnyiri, yaani mkono wa pweza, ulipo mnene. Kisha ampoze, amkatekate, amchanganye na chumvi, ndimu, mafuta kidogo na pilipili, na kumfunika ndani ya bakuli litakalokaa juu ya barafu. Nyanya na vitunguu vibebwe vikiwa vizima na kachumbari ikatwe hukohuko, kwani ikikatwa nyumbani hufika imejaa maji. Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kusini, ikichemshwa haihitaji maelezo mengi: chumvi, pilipili na ndimu vinatosha. Korosho za kukaanga zitiwe katika kopo lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu unyevu wa pwani huzilegeza.

Ukiingiza samaki wa kuchoma, agiza abebwe chini kabisa ya deli, akiwa amefungwa, maji yake yasidondokee chakula kilichoiva. Agiza pia mkaa ubebwe kutoka nyumbani. Mikoko isiguswe, hasa Msimbati, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Upepo wa kusi ukivuma, jiko likingwe dhidi ya mchanga. Nyakati za bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkeka utandikwe upande wa nchi kavu wa mstari wa mwani ulioachwa na maji.

Malizia kila pishi kwa kutaja vyombo vyake: kisu, ubao, maji ya kunawa, chumvi ya akiba na mfuko wa kurudishia taka.