Jinsi ya Kutambua Varikosili Inayohitaji Uchunguzi wa Tumbo

Varikosili ni kutanuka kwa vena zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani, na huwapata takriban wanaume 15 katika kila 100. Kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, upande wa kushoto, kwa sababu vena ya korodani ya kushoto huingia kwenye vena ya figo, ilhali ya kulia huingia moja kwa moja kwenye vena kuu ya tumbo. Kwa hiyo uvimbe ulio ndani ya tumbo unaweza kuibana njia hiyo, au saratani ya figo ikaota ndani ya vena yenyewe, na damu ikakwama hadi chini. Hali hii ni nadra, wala haimhusu sana kijana aliyeishi na varikosili tangu ujanani.

Jipime ukiwa umesimama, mahali penye joto. Papasa sehemu iliyo juu ya korodani: vena zilizotanuka huhisiwa kama nyuzi nene zilizosokotana, na hujaa zaidi ukizuia pumzi na kujikamua. Kisha lala chali kwa dakika chache, upapase tena bila haraka, kwani hiki ndicho kipimo chenye maana kubwa zaidi. Varikosili ya kawaida hunywea mtu anapolala. Ikibaki imejaa vilevile, huenda damu imezuiwa mahali fulani.

Nenda hospitali mapema ikiwa hainywei, ikiwa imejitokeza ghafla baada ya umri wa miaka 40, au ikiwa aliyeipata ni mtoto ambaye hajabalehe. Ikiwa upande wa kulia peke yake, madaktari wengi huagiza kipimo cha tumbo, ingawa mara nyingi hawakuti kitu. Mkojo wenye damu, maumivu ya ubavuni au kukonda bila sababu visisubiri hata kidogo.

Kwetu uvimbe wa sehemu hizo huitwa ngiri au busha, na wengi hupoteza miezi wakinywa dawa za mitishamba. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwombe daktari altrasaundi ya korodani pamoja na ya figo na tumbo, na umweleze waziwazi lini uvimbe ulianza na kama hunywea ukilala. Panapoonekana jambo la kutilia shaka, hufuata kipimo cha CT (picha za kina za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei), na upasuaji wa varikosili husubiri majibu yake.